Meno ya Upande wa Mama

Nikiwa darasa la tatu nilikuwa tayari nimejifunza kucheka bila kufungua mdomo. Unaacha kicheko kipande, unakidaka hapo kooni, unakitolea puani. Wenzangu walidhani nina maringo. Sikuwa na maringo, nilikuwa na meno ya kahawia yenye mistari na madoa, na mawili ya mbele yalikuwa yamelika ncha kama kucha za mtu anayechimba viazi. Nyumbani kwetu hakuna aliyeshangaa. Tulikuwa watoto watano, na wanne tulikuwa nayo. Tuliambiwa ni meno ya upande wa mama.

Naandika haya nikiwa na hasira na sitajifanya imepoa. Kuna watu husema kuandika kunatuliza moyo. Mimi kila nikiandika sentensi moja, nakumbuka nyingine ninayotaka kugombana nayo.

Boma letu liko nyanda za chini, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka Miasenyi, ndani ya vichaka. Babu mzaa baba alishuka kutoka milimani wakati shangazi yangu alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni na baba yangu alikuwa kijana wa kuchunga mbuzi. Huko juu mashamba yalikuwa yamegawanywa mpaka mtu akilima anamwagia jirani udongo. Huku chini ardhi ilikuwa tele, ila maji hakuna. Majirani wote walikunywa maji ya silanga, lile bwawa la kuchimbwa ambapo ng'ombe, punda na watu walikutana, na kiangazi ndovu nao walikuja kuchukua fungu lao. Babu alikataa katakata. Alisema hakuacha chemchemi za milimani aje agawane maji na ng'ombe. Akachimba kisima yeye na ndugu zake wawili, wakapasua mwamba kwa moto na nyundo, msimu mzima, mpaka wakayakuta maji.

Yalikuwa maji maangavu, unaona mpaka chini ya ndoo. Yalikuwa na chumvichumvi kidogo ambayo mgeni aliizoea kwa siku mbili, na sufuria ya chai ilishika ukoko mweupe ambao tuliukwangua kwa kisu. Hayakukauka mwaka wowote. Babu alikijengea kisima mdomo wa saruji, akatia kifuniko cha bati, na juu ya kifuniko akatia kufuli, kwa sababu maji yalikuwa ya ukoo. Jirani akija na mtungi aliambiwa kwa upole kwamba kisima hakitoshi. Kwa hivyo katika kijiji kizima sisi peke yetu tulikunywa maji safi, na sisi peke yetu tulikuwa na meno ya kahawia, na kati ya watu wazima wote wale, wenye akili zao timamu, hakutokea hata mmoja wa kuziweka habari hizo mbili mahali pamoja.

Sisi tuliwacheka watoto wa silanga. Tuliwaita ndama. Walikuwa wanatucheka na wao, kwa meno meupe pe.

Sasa kuhusu mama. Mama yangu anatoka Taveta, kule kwenye mifereji na migomba, na alikuja kuolewa bomani kwetu akiwa mwanamke mzima. Nataka hili lieleweke vizuri: mama yangu ana meno meupe. Mpaka leo, na mvi zake zote, anamenya muwa kwa meno bila wasiwasi. Baba naye, Mungu amrehemu, alikuwa na meno meupe. Kaka yetu mkubwa ana meno meupe vilevile. Yeye alizaliwa milimani wakati baba alikuwa mpishi wa shule moja huko, na waliporudi bomani alikuwa na miaka tisa. Sisi wanne tuliofuata tulizaliwa bomani. Basi ikasemwa kwamba kaka amefuata baba na sisi tumefuata mama.

Na meno ya mama mwenyewe je? Hapo shangazi alikuwa na jibu tayari. Alisema damu hurukaruka. Kwa mama imejificha, lakini nyanya yake mama, huko Taveta, alikuwa na meno hayohayo, tena mabaya zaidi. Hakuna mtu aliyewahi kumwona huyo nyanya. Alikufa kabla mama hajazaliwa, na ndiyo maana alifaa sana kwa ushahidi, hangeweza kuja kufungua mdomo.

Shangazi huyo ni dada mdogo wa baba. Aliolewa, akafiwa na mume, akarudi bomani, na babu alipokufa yeye ndiye aliyebaki na ufunguo wa kisima. Meno yake yalikuwa ya kahawia kuliko yetu sote. Lakini shangazi alikuwa akiweka ugoro chini ya mdomo tangu tumjue, kwa hivyo meno yake yalikuwa na sababu yake. Hatukumhesabu.

Shuleni mwalimu mmoja aliniambia nisugue kwa mkaa. Nikasugua kwa mkaa. Mwingine akaniambia majivu na chumvi, nikasugua kwa majivu na chumvi mpaka ufizi ukatoa damu kwenye kikombe. Mama alinikuta nyuma ya jikoni nikitema wekundu, akaninyang'anya mswaki. Nilimchukia siku ile. Nilikuwa na miaka kumi na nilidhani ananizuia kusafisha kile alichonipa yeye.

Mchumba wangu wa kwanza alikuwa mwalimu kutoka milimani. Kwetu, kabla mahari haijazungumzwa, watu wa mwanamume hutuma wanawake wawili watatu waje kuuliza ukoo. Hawasemi wamekuja kuuliza. Wanakuja na sukari na majani ya chai, wanaongea habari za mvua, na katikati ya mvua wanapenyeza: yule mjomba alikufa na nini, yule binti mbona hakuzaa, kifafa hapa hakuna? Wale wa kwangu waliomba tule mahindi ya kuchemsha pamoja. Hakuna binadamu anayeweza kula hindi bila kuonyesha meno. Nilijaribu kupukuchua punje moja moja kwa vidole, na ndivyo nilivyojichongea, kwa sababu wote waligeuka kuangalia.

Mmoja wao aliweka hindi lake chini akamwuliza shangazi, "Na haya meno, mama, ni ya nani?"

Shangazi hakufikiri hata kidogo. "Ni ya mama yake. Sisi huku hatuna."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Aliliweka mezani, akapanga vikombe kimoja kimoja, akarudi jikoni. Baba alikuwa anatazama nje. Sijui alikuwa anaangalia nini huko nje, hakukuwa na kitu isipokuwa mbuzi.

Miaka mingi baadaye ndipo nilielewa shangazi alikuwa anafanya nini. Kulikuwa na ndugu zangu wa kiume waliotakiwa kuoa, na kulikuwa na jina. Dosari ikiwa ya ukoo, milango yote inafungwa. Ikiwa ya mwanamke aliyeletwa, basi amekuja nayo na atazikwa nayo, ukoo unabaki safi. Kila boma lina mwanamke wa aina hiyo, anayebandikwa kila kitu ambacho wenyeji hawataki kuwa nacho. Mtoto akiwa na akili, ni babu yake huyo. Akiiba kuku, ulizeni kwao mama yake. Nimesikia hayo maisha yangu yote kutoka kwa watu wanaokwenda kanisani, na kila nikiyasikia sasa natamani kurusha kitu.

Mchumba yule hakurudi. Alituma ujumbe kwamba familia imepatwa na dharura.

Nikahamia Voi, nikapata kazi ya ukarani, nikapanga nyumba Kaloleni. Nilikuwa na miaka ishirini na minane nilipokutana na mume wangu, fundi wa umeme, mtu wa milimani pia. Alipocheka mara ya kwanza nilihesabu. Juu yote, chini yote, meupe. Nilimpenda, na ninamwambia hapa hapa asije akasoma akanuna, lakini nilianza kumpenda kutoka mdomoni. Nilikuwa na mpango. Nilisema nitaichanganya hii damu mpaka ipoteze rangi. Wengine hutafuta mume mwenye shamba, mimi nilitafuta mwenye magego.

Binti yetu alipotimiza mwaka mmoja nilimpeleka bomani kwa mama. Nyumba yetu ya Voi ilikuwa chumba kimoja na nusu, mume wangu alikuwa anasafiri na kazi, na msichana wa kunisaidia nilikuwa nimempata na kumpoteza mara tatu. Tena kule bomani kulikuwa na hewa nzuri, maziwa ya mbuzi, na mama yangu, ambaye hakuna mtu anayejua kulea kuliko yeye. Mama alimchemshia maji ya kunywa. Aliyaacha yatokote muda mrefu, mpaka yakapungua sufuriani, kwa sababu akina mama walishafundishwa kwamba mtoto apewe maji yaliyochemka sawasawa. Alifanya hivyo kila siku kwa miaka mitano, na hakuruka siku.

Meno ya utotoni ya binti yangu yaliota meupe. Nilimwinua juu nikamzungusha. Nikamwambia mama, tena nikicheka, "Huyu amefuata baba yake. Tumeponea." Mama akasema ashukuriwe Mungu. Nakumbuka alivyosema, akiwa ameinamia ungo, bila kuinua uso.

Akiwa na miaka sita nilimrudisha Voi kuanza shule. Akiwa na miaka saba meno ya mbele yaling'oka, mapya yakachungulia, na yalikuwa ya kahawia. Mistari ileile, madoa yaleyale. Nilichukua simu nikampigia mama. Sikumsalimia. Nilimwambia, "Damu yenu imenifuata mpaka huku."

Nimeandika sentensi hiyo mara tatu na kuifuta mara mbili. Nimeiacha sasa. Mama aliniuliza kama mtoto anakula vizuri.

Ilipita miaka miwili zaidi. Gego moja likamsumbua mtoto, nikampeleka kliniki ya meno hapa mjini. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mchangamfu, mwenye haraka. Alimfungua mtoto mdomo, akatazama, akaniuliza, "Huyu amekulia wapi?"

"Hiyo ni ya ukoo, daktari," nikamwambia. "Upande wa mama yangu."

"Sijauliza ukoo. Nimeuliza alikuwa anakunywa maji ya wapi akiwa mdogo."

Nikamwambia ya kisima. Akauliza kisima cha wapi, kina chumvichumvi, sufuria inashika weupe? Nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Akalisafisha gego, akatia pamba, akavua glavu, akaketi, akanieleza kama mtu aliyeeleza jambo hilo mara nyingi mpaka amechoka nalo. Kuna madini kwenye mwamba, yanaitwa floraidi. Kidogo yanasaidia meno, mengi yanayaharibu. Meno ya ukubwa hujengwa ndani ya ufizi tangu mtoto akiwa mchanga mpaka karibu miaka minane, na kila kikombe cha maji anachokunywa wakati huo kinaingia kwenye ujenzi. Yakishaota, basi, yameshajengwa. Mtu mzima akija kunywa maji hayohayo meno yake hayabadiliki.

"Lakini yalikuwa yanachemshwa," nilimwambia. "Sana."

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Haya ni madini, hayafi. Maji yakipungua kwenye sufuria, madini yanabaki palepale."

Akaniuliza kama kule nyumbani kuna wazee wenye migongo au shingo zilizokakamaa. Nikamkumbuka baba, ambaye miaka yake ya mwisho hakuweza kugeuza kichwa, akiitwa aligeuka mwili mzima, na sisi tukasema ni baridi ya milimani aliyoipata ujanani. Daktari akasema hawezi kujua bila kumpima mtu, lakini mifupa nayo hunywa. Hivyo ndivyo alivyosema, na akaita mgonjwa mwingine.

Nilikaa kwenye benchi la nje na binti yangu mwenye pamba mdomoni. Nikaanza kutupanga. Kaka mkubwa: milimani mpaka miaka tisa, meupe. Mimi: bomani, kahawia. Dada zangu wawili: bomani, bomani. Kitinda mimba: bomani. Mama: Taveta, meupe. Baba: milimani, meupe. Miaka yote tulikuwa tumechora mti wa ukoo kumbe tulitakiwa kuchora ramani. Shangazi nilimruka. Yeye ana ugoro, nilijiambia. Hata pale, na maneno ya daktari bado masikioni, nilimruka, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofundishwa.

Kisha hasira ikaja, na haikujua pa kwenda. Ningemkasirikia nani, mwamba? Babu, aliyepasua jiwe ili tusinywe na ng'ombe? Niliwakasirikia wote waliowahi kutembelea boma lile na kalamu mfukoni: waliokuja kuhesabu mbuzi, kuhesabu kura, kuchanja, kuhubiri. Walikunywa chai ya maji yale, wakatuona tulivyo, wakatuandika, wakaenda.

Nilijaza chupa ya maji ya kisima, nikaipeleka yapimwe. Majibu yalipokuja, mtu wa maabara alikuwa ameizungushia kalamu nyekundu sehemu ya floraidi na kuandika pembeni kwamba maji hayafai watoto.

Jambo lililoniamsha kitandani lilikuwa hili. Ndugu yangu kitinda mimba ameoa, na mke wake anaishi bomani na mtoto wao wa kike wa miezi minane. Alikuwa ndiyo anaanza uji. Binti yangu alikuwa ameshachelewa, mimi ndio kabisa, lakini huyu mdogo meno yake yalikuwa bado yanajengwa, kikombe baada ya kikombe, na ningeweza kuhesabu vikombe. Nikampigia mama yake simu kabla ya mtu mwingine yeyote. Msichana yule hakuniuliza maswali mengi. Kesho yake alibeba mtungi mpaka kwenye bomba la barabarani Miasenyi, akarudi nao kwa bodaboda. Na kesho kutwa tena.

Shangazi alivumilia siku nne. Siku ya tano akasema mke wa mdogo wetu amedharau maji ya marehemu babu, na kwamba mwanamke anayeona maji ya boma hayamfai basi na boma lenyewe halimfai. Kikao kikaitishwa Jumamosi. Ilikuwa wazi kitakachoamuliwa: aidha mtoto anywe kama watoto wote wa ukoo walivyokunywa, ama mama yake arudi kwao, na mtoto, kwa mujibu wa shangazi, ni wa ukoo na hatoki.

Nilikwenda na karatasi yangu. Binti yangu nilimchukua pia kwa sababu sikuwa na wa kumwachia.

Tuliketi ukumbini, kaka mkubwa kwenye kiti cha baba. Nilieleza. Nilijitahidi kueleza polepole kama daktari, na nikashindwa baada ya dakika moja. Karatasi ilipita mkono kwa mkono. Shangazi hakuigusa.

"Karatasi haijachimba kisima," alisema. "Baba yangu alikunywa maji haya akafa mzee. Sasa mmesoma, mnakuja kutuambia alituwekea sumu?"

"Hakujua, shangazi. Hakuna anayesema alijua."

"Ati maji! Kwani hayo maji yanachagua? Kaka yenu mbona meno yake ni mazuri?"

"Kwa sababu alikulia mlimani!"

"Kwa sababu amefuata baba yake! Nyinyi wengine mmefuata mama yenu. Hilo kila mtu analijua hapa, halihitaji daktari."

Tulikuwa tumesimama wote wawili, na nilisikia sauti zetu zinavyofanana. Uleule mkwaruzo, kulekule kupanda kwenye neno la mwisho. Hii hasira niliyo nayo si ya Taveta, nawaambieni. Ni ya shangazi. Ama nilizaliwa nayo ama niliidaka nikiwa mdogo nikimsikiliza akigombeza nyumba nzima kutoka alfajiri, na sitakwenda kliniki kuuliza.

Ndipo mama akasema. Mama huwa hasemi vikaoni. Alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango, amempakata yule mtoto mchanga.

"Wifi," alimwambia shangazi, "siku nimeletwa hapa, ni wewe ulinipokea mzigo. Unakumbuka? Ulikuwa msichana wa shule. Ulinichekea, nikaona meno yako."

Shangazi aliivuta leso yake begani.

"Ugoro ulikuwa hujaujua bado," mama akasema. "Na mimi nilikuwa sijazaa."

Kaka mkubwa alikunja karatasi, akaikunjua. Nilimtazama shangazi, aliyeletwa pale akiwa mgongoni mwa mama yake, aliyekunywa maji yale kabla ya mtu yeyote kati yetu. Alikuwa ameinua pembe ya leso yake na kufunika mdomo. Mwanamke wa zaidi ya miaka sitini. Nilikuwa nimekuja kumshinda, na nilipomwona hivyo sikupata raha niliyoitarajia.

Lakini hasira haikuisha. Iligeuka ikatazama mkekani.

"Mama, ulijua?" nikamwuliza. "Miaka yote hii ulijua si wewe?"

"Nilijua si mimi. Nilidhani ni damu yao hawa. Kwamba ni maji, hilo nimelisikia leo kama nyinyi."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema nini? Nimeolewa juzi, niseme ukoo wa mume wangu una dosari? Halafu nikazaa ndani ya ukoo huohuo. Ningesema, nani angewaoa nyinyi? Nikaona wacha waniwekee mimi. Mimi nilikuwa nimeshaolewa."

Alisema kwa utulivu, akimpangusa mtoto mate. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpigia kelele. Angesema siku moja tu, kwamba meno haya ni ya dada ya mume wangu, basi uongo ule wa Taveta ungevunjika, na huenda mtu mmoja angeuliza swali jingine. Badala yake kila mtu alishika damu yake ya kulaumu. Shangazi alishika ya mama, mama akashika ya shangazi, mimi nikashika ya mama, na kisima kikakaa pale kimefunikwa vizuri. Na simu ile niliyompigia, hakunijibu. Alikuwa na jibu na hakunijibu.

Kaka mkubwa aliamua kabla ya chakula cha mchana. Mtoto atakunywa maji ya bomba, na tangi la mvua litajengwa. Maji ya kisima yatakuwa ya kufulia na kusuuzia. Mke wa mdogo wetu hakushangilia. Alisimama, akamchukua mtoto wake kutoka kwa mama, akaenda kumpa uji, na tulimwona kupitia dirishani akipima maji kutoka kwenye mtungi wake wa Miasenyi. Shangazi aliondoka bila kula.

Jioni tulikuwa tumerudi Kaloleni. Nilikuwa naosha vyombo, binti yangu anafuta na kupanga. Ana miaka tisa, yuko gredi ya nne.

"Mama, kumbe si damu?"

"Si damu."

"Kwa hivyo mimi ningekaa hapa na nyinyi, yangekuwa meupe."

"Ndiyo."

Alifuta kikombe ndani na nje. "Nani alinipeleka kule?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa na nyumba ndogo, kazi, wasichana watatu walioondoka, babu na nyundo yake, madaktari wasiofika. Nilikuwa na ukoo mzima wa kutanguliza mbele yangu. Damu ilikuwa imetuharibia majina, lakini nikaona pale nilivyoihitaji, kwa sababu ikiwa ni damu hakuna aliyembeba mtoto na kumpeleka mahali.

"Ni mimi," nilimwambia.

Hakulia. Aliuliza kama shule ikifunguliwa anaweza kuwaambia wenzake kwamba ni maji, waache kumwita jina wanalomwita. Nikamwambia awaambie.

Akafikiri. "Lakini hiyo ya wewe kunipeleka sitasema," aliniambia kwa upole. "Wakiniuliza, nitanyamaza tu."

Nilimshika bega kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, mikono bado ina povu. Nikamwambia hapana, atasema yote, na akifika kwangu asiruke.